Sadaka ya Jua Lililomezwa

Sogeza huo mkate wa mtama hapa kwanza, mwanangu. Na hizo dengu. Zote, usinipakulie kama mgonjwa. Zahanati imekutuma kunipima, sawa, utanipima, mizani yako haina miguu. Lakini umeniuliza kwa nini bibi mzima anaishi peke yake katikati ya mbaazi na kurushia mtoto mawe. Nitakujibu nikiwa nakula. Nikiacha kula siwezi kusema.

Ilikuwa siku iliyofuata Diwali. Safari yangu ilikuwa ndogo tu, kupeleka kamba.

Sisi Wamang ndio tunaosokota kamba katika kijiji hiki, tangu babu wa babu. Sikukuu ya kupamba ng'ombe ilikuwa imekaribia, na jumba la mawe, lile la Bi Yamuna, lilitaka kamba mpya kumi na mbili za maksai. Nilichelewa kuzimaliza. Na jioni hiyo ilikuwa na kisirani chake, maana jua lingepatwa. Mnajimu Trimbak alikuwa ameshatembea nyumba hadi nyumba, nyumba za wakubwa bila shaka, akiwaambia kwamba jua litazama likiwa bado mdomoni mwa Rahu, mmeza jua. Hakuna atakayeliona likiachiwa. Kwa hiyo hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kukata wala kushona, mpaka kesho yake lichomoze safi. Akasema tena kwamba kupatwa huku kunaangukia nyota ya Mizani, na mwenye mimba aliyezaliwa kwenye nyota hiyo ajiangalie sana.

Hekalu lilifungwa tangu alfajiri. Watu walitia majani ya mrehani kwenye mitungi ya maji. Mimi nilimlaza mke wa mwanangu, Girja, kwenye kitanda cha kamba, mimba ya miezi tisa, nikaficha kisu, mundu, sindano, hata wembe wa mume wake.

"Mama, na meno yangu je?" akaniuliza. "Hayo utayaficha wapi?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Ndivyo alivyokuwa Girja. Alishapoteza mimba mbili na bado alijua kucheka. Hii ya tatu ilikuwa imefika ukingoni, na mimi sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka. Lijue hilo kabla hujanihukumu.

Mwanangu anaitwa Kerba. Maana yake takataka. Usishangae, kabla yake nilizika watoto watatu wenye majina mazuri, basi huyu nikamwita takataka ili asitamaniwe na chochote kinachotamani watoto. Akakua. Siku hiyo alikuwa anaelekea zamu yake kiwandani, kwenye miwa, akanikuta mlangoni na kamba begani.

"Kamba tu, Mama. Unapeleka, unarudi. Usibebe kitu."

"Nibebe nini?"

"Unajua."

Nilijua. Zamani, jua likianza kuachiwa, sisi ndio tuliokuwa tunapita kijijini tukiita: *Toeni sadaka, jua liachiwe!* Milango inafunguka. Wanatoa nafaka, nguo kuukuu, chuma, mafuta. Na mkosi wowote ambao kupatwa kumewawekea kwenye nyota zao unatoka nao mlangoni, unakuja kulala mtaani kwetu. Ndiyo, tulikuwa tunajua. Tulikula hivyo hivyo. Njaa haina nyota.

Na kwa nini sisi? Mama mkwe wangu, marehemu Sakhu, alikuwa anasema Rahu ni jamaa yetu. Aliketi kwenye karamu ya miungu bila kualikwa, katikati ya watu ambao hakuruhusiwa kula nao. Akaonja tone moja la maji ya uzima. Wakamkata shingo. Lakini tone lilikuwa limeshapita mdomoni, kwa hiyo kichwa hakikufa. Tumbo ndilo lililoanguka likaenda zake. Tangu siku hiyo kichwa kinazunguka angani, kinameza jua, na jua linatokea shingoni. Hakishibi. Kitashibaje, hakina pa kuweka?

Kerba na vijana wenzake walikuwa wameshakataa kazi hiyo. Hatutabeba tena uchafu wa watu, walisema, na walikuwa na haki. Pale mlangoni alinishika mkono, akauweka juu ya kichwa chake.

"Apa."

Nikaapa. Juu ya kichwa cha mwanangu.

Nilipofika kwa Bi Yamuna, jua lilikuwa limeshaanza kuliwa. Njia nzima hapakuwa na mtu. Mbwa wamelala na macho wazi. Mwanga ulikuwa mchafu, wa rangi ya chai iliyochacha, na chini ya mwarobaini wao vile vidoa vya jua vinavyopita kwenye majani vilikuwa vimegeuka vimwezi vidogo vidogo, mamia, vyote vimeangalia upande mmoja. Nilivizunguka. Sikutaka kuvikanyaga.

Nikaenda mlango wa nyuma, mlango wetu. Ulikuwa wazi. Uani nilimwona mke wa mwanawe, Shalini, ameinamia bakuli la shaba. Na yeye mimba yake miezi tisa. Bi Yamuna amemshika kisogo.

"Jiangalie vizuri. Macho yote mawili. Usipepese."

Nikajua ninachokiona. Ile ni sadaka ya kivuli. Unatazama uso wako kwenye mafuta ya ufuta mpaka uso ukae humo, halafu unayatoa mafuta na bakuli lake. Anayepokea anaondoka na kivuli chako, na chochote kinachokiwinda kivuli hicho. Nikafahamu pia nyota ya Shalini ni ipi, bila kuambiwa.

Nilitaka kutupa kamba nikimbie. Bi Yamuna akaniona.

"Bhivra! Njoo, njoo, mbona unajibanza kama mwizi? Weka kamba hapo. Mkweo hajambo?"

"Hajambo, bi mkubwa."

"Karibu kujifungua?"

"Wakati wowote."

"Kama wangu huyu." Akahema. Akanitazama, na sauti yake ikawa tamu. "Jana nilikuwa namkumbuka mama mkwe wako. Sakhu alikuwa na sauti, jamani! Akiita kule mwanzo wa njia, sisi huku vikombe vinalia kabatini. Siku hizi hakuna anayeita. Vijana wenu wamewakataza, eti?"

"Tumeacha, bi mkubwa."

"Au mwenye sauti hayupo tena."

Alijua pa kunichoma, yule mwanamke. Kwa maana mimi ndiye niliyeachiwa sauti ile. Sakhu alinifundisha mwenyewe, nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na mitano, jinsi ya kuivuta kutoka kiunoni. Mwaka mzima watu wa milango ile hawakututazama usoni. Lakini siku ya kupatwa walikuwa wamesimama nyuma ya milango na vitu mikononi, wanatusubiri sisi. Siku hiyo moja.

"Sauti ipo," nikasema.

"Maneno tu."

"Ipo, nakwambia."

"Basi ita tuisikie. Mara moja."

Nikatazama magharibi. Jua lilikuwa limekaa juu ya mashamba, limebaki kipande, kama bangili iliyovunjika.

"Halijaachiwa, bi mkubwa. Sadaka huombwa likiachiwa. Likiwa limeshikwa, anayeita..."

"Nani amesema sadaka? Nimesema sauti."

Sakhu aliniambia, mwanangu. Aliniambia mara mia. Usiite jua likiwa mdomoni, kwa sababu hapo aliye na njaa ndiye anayesikia kwanza. Nilikuwa najua kama ninavyojua jina langu.

Nikaita.

*Toeni sadaka, jua liachiwe!*

Ee, lakini ilitoka! Ilitoka kutoka kiunoni, ikapanda, ikapiga kuta za mawe ikarudi. Njia nzima nilisikia madirisha yanafunguliwa. Nilikuwa msichana tena. Nilifurahi. Nataka useme hivyo huko zahanati ukiandika, andika kwamba Bhivra alifurahi.

Nilipofumbua macho bakuli lilikuwa mikononi mwangu.

"Umeomba," alisema Bi Yamuna haraka haraka, "nimekupa."

Mlango ukafungwa. Komeo. Nyuma ya mlango Shalini analia, na mama mkwe wake anasema kwa sauti ndogo, "Imekwenda, mwanangu. Imekwenda."

Ningeliweka chini pale pale. Kila usiku naliweka chini pale pale. Lakini madirisha yalikuwa wazi, watu wananitazama, na aliyeomba sadaka akaiacha mlangoni kwa watu wale hafiki kwao na meno yote. Nikaondoka. Nikajiambia nitaimwaga njiani.

Njia yetu inapita katikati ya mbaazi. Hizi hizi. Wakati huo wa mwaka zinampita mtu mfupi kimo. Jua lilikuwa linazama, au linamezwa, sijui, yote mawili. Hapakuwa na mdudu anayelia. Harufu ya ufuta ilikuwa imenijaa puani.

Kisha nikasikia majani.

Krrr... krrr... mtu anatembea ndani ya shamba, sambamba na mimi.

Nikatazama upande. Juu ya mbaazi niliona kichwa cha mwanaume. Mzee, nywele zimetimka, mashavu yameingia ndani. Nikashusha pumzi. Mlinzi wa shamba, nikasema moyoni.

"Shangazi," akaita. "Umebeba nini?"

"Mafuta."

"Nina njaa."

"Leo kila mtu ana njaa. Ngoja kesho jua lichomoze. Wewe si wa hapa?"

"Nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

Krrr... krrr...

"Si wewe?" akasema, kwa upole kabisa. "Sauti nzuri, shangazi."

Mbele yetu mbaazi zilikuwa zinaisha, linaanza shamba la vitunguu, vitunguu vya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nikajiambia, akitoka pale nitamwona vizuri. Nitaona mabega. Nitaona shuka lake, fimbo yake, nitajicheka.

Mbaazi zikaisha.

Kichwa kikaendelea.

Kilikuwa kinakwenda juu ya vitunguu, kimo kile kile, na chini yake hewa tupu. Chini yake hakuna kitu.

Nikainamisha macho kwenye bakuli ili nisikione. Ndani ya mafuta mlikuwa na uso, na haukuwa wangu. Ulikuwa wa Shalini, mchanga, macho yamefumbwa.

Yakafumbuka.

"Kwenu," sauti ikaninong'oneza, sasa iko sikioni, inanuka njaa, ile harufu ya kinywa kilicholala bila kula, "kwenu kuna tumbo?"

Nilikimbia, mwanangu. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, kwenye matuta ya vitunguu, bakuli limejaa mpaka ukingoni. Halikumwagika hata tone.

Nililiacha nyuma ya nyumba, chini ya mti, nikalifunika kwa ungo. Nikaingia ndani. Girja akaniuliza mbona nahema, nikamwambia uzee. Nilikuwa nimeshapanga: alfajiri jua likichomoza safi nitalichukua nilitupe mtoni. Usiku mmoja tu. Nikakaa mlangoni, mgongo kwenye ubao.

Kerba akarudi kutoka zamu. Akapita nyuma kunawa miguu. Nikasikia ungo unaanguka.

Akaingia nalo mkononi.

"Mama, mafuta haya umeyatoa wapi?"

Hapo ndipo, mwanangu. Watu wanadhani kosa langu ni kule kuita. La. Kosa langu ni hapa, chumbani kwangu, taa inawaka, mwanangu amesimama mbele yangu. Neno moja tu la kweli. Angenikasirikia, angevunja chungu, asingesema nami mwezi mzima. Na lile bakuli lisingevuka hatua tatu kutoka mlangoni hadi kitandani.

Lakini niliona mkono wangu juu ya kichwa chake. Nikaona aibu.

"Nimenunua," nikasema.

"Leo? Maduka yamefungwa."

"Jana. Kwa ajili ya mgongo wa Girja."

Alinitazama kidogo. Alitaka kuniamini, ndiyo shida ya watoto wema.

"Umefanya vizuri," akasema. "Kiuno kinamsumbua tangu jana."

Akapiga magoti karibu na kitanda. Si kila mwanaume wa hapa atakayemkanda mke wake mama akiwa anatazama. Yeye hakujali. Akachota mafuta kwa kiganja, akayapasha moto kati ya mikono, akampaka kiuno, halafu tumbo, polepole, akizunguka. Girja alikuwa anaguna kwa raha. Kisha akalivuta bakuli kwenye taa.

"Hee! Ndiyo mimi huyu? Mashavu yote haya! Mama, umekuwa unanilisha nini?"

"Acha kuangalia humo," nikasema.

"Ngoja... mbona nimefumba macho?" Akacheka. "Najiona nimefumba macho. Mtu anaweza kujiona amefumba macho?"

Nje, nyuma ya ukuta, majani. Krrr.

"Acha kuangalia, Girja!"

"Haya, haya, nimeacha. Wewe nawe!"

Alikuwa bado anacheka alipopitiwa na usingizi. Mimi sikulala. Nilikuwa nasikiliza kitu kinatafuna taratibu, bila kumeza.

Asubuhi jua lilichomoza jeupe, zuri, kana kwamba halikufanya lolote. Siku ya tatu uchungu ukamshika Girja. Tulimpeleka hospitali ya mji. Mtoto wa kiume, mwanangu. Nywele nyingi, kucha zimekamilika. Hakupumua. Daktari akasema kitovu kilimzunguka shingoni. Kerba aliitika kwa kichwa, ameelewa, ni jambo linalotokea. Na huenda ni kweli. Mimi nilisikia neno moja tu. Shingoni.

Siku hiyo hiyo jumba la mawe walipata mjukuu wa kiume. Wakataka ngoma. Na wapiga ngoma wa kijiji hiki ni akina nani? Ni sisi. Wakaja kuwachukua vijana wa mtaa wetu. Wawili wakakataa kwa heshima ya msiba, watatu wakaenda. Tulimzika wetu tukiisikia ngoma yetu wenyewe inapigwa kule kwa ajili ya wao.

Girja aliwasha taa ya marehemu kwa mafuta yale. Siku kumi na tatu taa haikuzimika. Mafuta hayakupungua. Nikayamwaga mtoni, asubuhi bakuli limejaa. Nikalizika, nikalikuta jikoni, na Girja ananiambia, "Mama, umelisahau nje, nimelirudisha." Ule uso ndani ulikuwa umebadilika. Ulikuwa wa Girja sasa.

Nikalibeba hadi jumba la mawe. Nikagonga mlango wa mbele, mara yangu ya kwanza na ya mwisho. Bi Yamuna akatoka na mtoto begani, dhahabu shingoni mwa mtoto, shingo nene, inapumua.

"Chukua kitu chako," nikamwambia.

"Changu? Nani alikuwa anaomba siku ile, Bhivra? Kijiji kizima kilikusikia."

"Ulinidanganya."

"Nilikwambia uite. Nilikufungua mdomo mimi?" Kisha akatazama nyuma asije akasikiwa, akashusha sauti, na uso wake ukawa wa mwanamke mzee tu kama mimi. "Mnajimu aliniambia huyu hatavuka jua lile. Ungekuwa mimi, usingefanya?"

Nilisimama pale nikitafuta jibu. Mpaka leo nalitafuta, na ndiyo maana namchukia mpaka leo.

Nikarudi nalo nyumbani. Na ningempa nani? Sadaka ile haitoki mpaka mtu aiombe. Wao walikuwa na sisi. Chini yetu hakuna mlango wa mtu wa kuja kuita.

Miaka miwili ikapita. Girja akapata mimba tena. Hakusema, lakini alianza kucheka, nikajua. Nikawa nahesabu miezi kwenye mafundo ya kamba. Mwezi wa tano, jioni, nilikuwa nakusanya kuni huku kwenye mbaazi.

Krrr...

Sikugeuka.

"Shangazi," kikasema nyuma yangu. "Tumbo limejaa tena."

"Nenda zako."

"Nina njaa. Uliniita ukaninyima. Nilionja kidogo tu, kikapita shingoni kikaanguka. Nataka tumbo la kukaa."

Kuni zilinianguka. Si kwa hofu. Nilikuwa nimeelewa, ghafla, kama mtu anayetafuta ndoo akaambiwa iko mkononi mwake. Miaka yote Sakhu alikuwa akiniambia habari ya Rahu, hakuwahi kusema kinataka watoto. Alisema hakina tumbo.

Na mimi ninalo. Limekauka, limezaa wanne likazika watatu, lakini ni tumbo.

Nilirudi nyumbani, nikasubiri Kerba aje. Nikamwambia yote. Kichwa, uso, mafuta. Hayo hakuyaamini, niliona anavyonihurumia. Kisha nikamwambia kwamba niliita, na kwamba sikununua.

Hayo aliyaamini.

"Uliapa," akasema. "Mkono wako ulikuwa hapa." Akajigusa utosini. "Niliyapaka mimi. Kwa mikono yangu, Mama."

Nikachukua bakuli, nikalitoa nje, nikalinywa lote.

Mafuta yalipita vizuri. Ufuta mtamu. Nyuma ya mafuta kikapita kitu kingine, kipana, chenye nywele, nikafikiri koo litapasuka. Kikashuka. Kikaketi.

Bakuli likawa kavu kwa mara ya kwanza.

Usiku huo huo nikahamia huku kwenye mbaazi, na tangu hapo ndiyo hivi unavyoniona. Ninakula mikate kumi na miwili na mizani yako inashuka. Daktari wenu amesema minyoo, halafu akasema sukari, halafu akasema ni akili. Mpe salamu. Kerba hajanisemesha tena, lakini kila siku anaacha kapu la chakula pale mwisho wa vitunguu. Ananilisha. Sijui ni upendo au anaogopa nikiacha kushiba, na sitamwuliza.

Girja alijifungua salama. Mvulana. Wakamwita Dagdu, jiwe, ili asitamaniwe na chochote. Ana miaka minne. Sijamshika hata siku moja. Watu wanasema bibi ana roho mbaya, anarushia damu yake mawe, mchawi huyo. Wacha waseme.

Kwa sababu hakatazwi akakatazika, yule mtoto! Amechukua ukaidi wangu. Jioni mama yake akiwa anapika anatoroka, anakuja kusimama pale kwenye vitunguu, anaita. Mama yake anampaka mafuta ya ufuta nywele. Upepo ukija huku nainusa harufu yake, maziwa na ufuta na utosi wa mtoto, na huku ndani kitu kinageuka na kuamka. Mimi nampenda, mwanangu. Nampenda, na mate yananijaa mdomoni.

Mikate imekwisha? Hata kipande? Tazama vizuri kwenye kapu.

Nyamaza. Sikiliza... hapo, mwisho wa shamba. Umesikia? "Bibi!" Ndiye huyo.

Niokotee jiwe, mwanangu. Hilo hapo mguuni pako. Hapana, kubwa zaidi, la kumtisha kweli.

Haraka. Upepo unageuka.